Anamtazama, Ananitazama: Juu ya Kusahihisha Macho katika Picha ya Sura

Neno sahihi lina maana mbili katika Kiswahili, nazo zimekaa pamoja kwa muda mrefu bila ya kugombana. Sahihi ni kile kisichokuwa na kosa. Sahihi pia ni jina ambalo mtu huliandika kwa mkono wake chini ya hati ili kuthibitisha kuwa yaliyomo ni yake. Mwalimu anaposahihisha insha, maana ya kwanza ndiyo inayotawala. Lakini mhariri wa picha anapoyahamisha macho ya mtu kutoka upande mmoja hadi mwingine, akasema kuwa ameyasahihisha, maana ya pili huingia bila ya kualikwa. Mwelekeo wa macho, kama ilivyo sahihi iliyo chini ya hati, ni alama ambayo mwenyewe ndiye aliyeitia. Anayeisahihisha hana budi kutia mkono wake mahali palipokuwa na mkono wa mwingine.

Kazi yenyewe, ikiangaliwa kwa nje, ni ndogo. Uso umeielekea kamera lakini macho yameteleza. Yamefuata mlango uliofunguliwa, au mtoto aliyelia, au wazo. Mhariri hulikata duara la rangi la jicho pamoja na mboni iliyo katikati yake, akalisogeza kwa nukta chache, kisha akaliziba pengo kwa weupe alioukopa upande wa pili wa jicho lile lile. Zamani masahihisho ya namna hii yalifanywa kwa brashi nyembamba na wino juu ya picha iliyokwisha kusafishwa. Tangu Photoshop ilipoanza kuuzwa mwaka 1990 yamefanywa kwa kompyuta, na tangu mwaka 2020 programu hiyo imekuwa na kichujio ambacho chenyewe hukisia macho yangekaaje iwapo mtu angetazama kulia au kushoto. Mhariri husogeza kitufe kwenye mstari, basi.

Udogo huo unahadaa. Jicho ni tufe lenye majimaji, nalo huakisi mwanga. Ile nukta nyeupe ing'aayo juu ya mboni haimo ndani ya jicho, bali ni taswira ya dirisha au ya taa iliyokuwa mbele ya mpigwa picha. Mhariri asiye na uzoefu akilihamisha duara pamoja na nukta yake, na akalihamisha katika jicho moja zaidi kuliko katika jingine, dirisha nalo huhama, na uso mmoja ukaonekana kana kwamba umekaa katika vyumba viwili. Ukope wa juu nao una neno lake: hushuka jicho linapotazama chini na kupanda linapotazama juu, hivyo mboni iliyoinuliwa chini ya ukope ulioinama humpa mtu sura ya mlevi. Isitoshe, macho mawili hayasogei kwa kipimo kimoja kila mara. Yakitazama kilicho karibu hukaribiana. Anayeiona picha iliyoharibika kwa namna hii aghalabu hawezi kulitaja kosa. Husema tu kuwa picha ina kitu.

Sababu ya kutoweza kulitaja ilielezwa kabla ya picha za kamera kuenea. Mwaka 1824 William Hyde Wollaston, mkemia Mwingereza aliyegundua metali za paladi na rodi, alichapisha katika jarida la Royal Society ya London makala juu ya mwelekeo wa macho katika picha za kuchorwa. Alichukua jozi moja ya macho yaliyochorwa, akaiacha jinsi ilivyo, kisha akabadilisha pua na sehemu ya chini ya uso iliyoambatanishwa nayo. Uso ulipogeuzwa upande mmoja, macho yalionekana kumkabili mtazamaji. Ulipogeuzwa upande mwingine, macho yale yale, bila ya kuguswa hata mstari mmoja, yalionekana kutazama kando. Yaani mwelekeo haumo jichoni peke yake. Umo katika uhusiano wa jicho na pua, na paji la uso, na shingo. Mwanafunzi wa isimu hatashangaa. Mhariri anayezigusa mboni akasahau kichwa ni sawa na mtu aliyebadilisha nomino katika sentensi akaviacha vivumishi na vitenzi vyote katika ngeli ya zamani. Kila neno lipo, na hakuna upatanisho.

Yafaa kuongeza hapa kwamba mtazamaji si shahidi mwaminifu. Kwa muda mrefu imesemwa kuwa macho ya Mona Lisa humfuata kila apitaye mbele yake. Mwaka 2019 Gernot Horstmann na Sebastian Loth wa Chuo Kikuu cha Bielefeld, Ujerumani, waliwaomba watu waonyeshe kwa kipimo mahali macho hayo yanapoelekea, na wastani ukawa takriban digrii 15 upande wa kulia wa mtazamaji. Mwanamke yule anampita mtazamaji kando ya sikio. Imani kuwa anatazama moja kwa moja inatuambia zaidi juu ya watu wanaopenda kutazamwa kuliko inavyotuambia juu ya mchoro.

Ni nini hasa kinachobadilika macho yanapobadilishwa? Mhakiki wa sanaa Meyer Schapiro, katika kitabu chake kifupi Words and Pictures cha mwaka 1973, aliulinganisha uso unaoonyeshwa kwa upande na nafsi ya tatu ya sarufi, na uso unaomkabili mtazamaji na nafsi ya kwanza, ile ambayo kwa kusema mimi humfanya mwenzake kuwa wewe. Schapiro alikuwa na michoro ya Ulaya ya zama za kati mbele yake, na lugha aliyoiandikia huvitenga viwakilishi na kitenzi. Kiswahili kinaweza kuupeleka mlinganisho huo mbali zaidi, kwa sababu kitenzi chake hubeba yambwa tumboni mwake. Anamtazama, ananitazama, anatazama. Baina ya la kwanza na la pili tofauti ni silabi moja tu, na silabi hiyo ndiyo anayoibadilisha mhariri wa picha. Picha ya anamtazama ina watu wawili: yule anayeonekana, na mwingine aliye nje ya fremu ambaye hatumwoni ila tunalazimika kukiri kuwa yuko. Picha ya ananitazama imemfukuza huyo wa pili na kumketisha mtazamaji katika kiti chake.

Lile neno la tatu, lisilokuwa na yambwa, ndilo gumu kuliko yote. Mwaka 1928 mjini Paris, André Kertész alimpiga picha mtoto aliyemshika kitoto cha mbwa karibu na shavu lake. Macho ya mtoto yameielekea lenzi barabara. Hata hivyo Roland Barthes, katika La Chambre claire ya mwaka 1980, aliona kwamba mtoto huyo hamtazami mtu wala kitu, kwamba mapenzi na hofu yake vimebakia ndani. Hakuna kitufe kinachoweza kulileta jambo hilo wala kuliondoa. (Kwa sadfa, jina la kitabu cha Barthes ndilo jina la kifaa cha kuchorea ambacho Wollaston huyo huyo alikipatia hataza mwaka 1806.)

Yako makosa ambayo kweli ni makosa. Katika mazungumzo ya video kamera hukaa juu ya kioo, na uso wa yule anayezungumziwa huwa chini yake. Anayeutazama uso huo kwa heshima na makini huonekana upande wa pili akiinamisha macho kama mwenye hatia. Mtu huyo kweli anamtazama mwenzake. Ni chombo kilichomnukuu vibaya. Kampuni ya Apple ilipoanza kuyajaribu marekebisho ya hali hiyo mwaka 2019, iliyapa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa usahihishaji wa makini. Mwaka uliofuata jina lilibadilishwa likawa ni la kukutana kwa macho tu, na hiyo ilikuwa busara, kwa kuwa kilichosogezwa ni macho wala si makini. Lakini chombo hakijui nia. Mwaka 2023 NVIDIA ilitoa programu inayofanya kazi hiyo hiyo kwa kamera za kompyuta kwa jumla, na mtu anayesoma maneno yake kutoka karatasi iliyo pembeni sasa huweza kuonekana akimkazia msikilizaji macho ya ukweli. Kile kilichokuwa kikiondoa nukuu mbaya kimekuwa kikitunga nukuu mpya, na kwa mtazamaji hakuna tofauti kati ya hizo mbili.

Swala hili huwa zito zaidi pale ambapo mwenye macho hawezi tena kuulizwa. Nchini Kenya mazishi mengi huwa na kijitabu cha ratiba chenye picha ya marehemu jaladani, na vingi vya vijitabu hivyo hupigwa chapa katika vyumba vyembamba vya River Road, Nairobi, usiku wa kuamkia siku ya safari. Mwanamke mmoja, mwalimu wa fasihi katika shule ya upili, alipofiwa na mama yake alizipitia picha zote za nyumbani akaipata moja tu iliyofaa: ya arusi ya kitinda mimba, mwaka 1994, ambamo mama amesimama kwenye jua la asubuhi, uso mbele, macho kushoto. Kijana wa kompyuta aliikuza, akawakata waliokuwa pembeni, kisha akasita.

"Madam, mama anaangalia kando. Niyarudishe macho, awaangalie watu?"

"Yarudishe, kijana wangu," alijibu, kwa kuwa saa zilikuwa zimekwenda.

Kijana alikuwa fundi. Nukta za mwanga hakuzigusa, na ukope aliushusha kwa kipimo. Nakala ya kwanza ilipofika nyumbani, mdogo wa marehemu aliishika kwa muda. "Wamemtoa vizuri," alisema. "Lakini siku ile dada hakuwa na habari na kamera. Alikuwa anaangalia kama wale wa upande wa bibi arusi wamepata chai." Sufuria moja ilikuwa imemwagika, akaeleza, na wageni walikuwa wametoka mbali. Mwalimu alisikia, ila vijitabu vilikuwa vimekwisha kupigwa chapa. Siku ya mazishi watu walivishika, wakasema mama anawaangalia. Mjomba mmoja alisema ni kama anawaaga. Mdogo wa marehemu aliitikia kwa kichwa, wala hakulirudia neno la chai.

Ni vigumu kumlaumu mtu hapa. Kijitabu cha mazishi ni utanzu wenye kaida zake, na moja ya kaida hizo ni kuwa jalada humwita msomaji katika nafsi ya pili; macho ya kando yangeonekana kama dharau kwa waliosafiri usiku kucha. Faida ilikuwepo, na waliofarijika walifarijika kweli. Hasara nayo haikuwa ya urembo. Macho yale ya kushoto yalikuwa alama pekee, katika picha zote za mama huyo, ya kazi aliyoifanya maisha yake yote, yaani kuhakikisha kuwa wengine wamekula kabla yake. Picha ya karatasi ilirudi katika albamu. Wajukuu, ambao hawana albamu ila simu, wanayo ile ya jaladani tu. Kwao bibi ni mtu aliyekuwa akiwatazama watu usoni bila ya kupepesa.

Wahariri wa matini wamelijua tatizo hili kwa muda mrefu, na wamejiwekea adabu. Hati za kale za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo kwa asili hazina p wala ch wala g, na ambazo aghalabu humwachia msomaji uamuzi baina ya maneno mawili yanayofanana. Anayeinukulu hati kama hiyo kwa herufi za Kirumi hana hiari. Kila mstari ni lazima achague. William Hichens alipoichapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940 aliitegemea kazi iliyokusanywa na W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, na wahakiki waliofuata wameweza kujadiliana na uteuzi wa wote watatu. Wamewezaje? Kwa sababu matini ina pambizo, na mabano, na tanbihi, na herufi ya mlazo. Mhariri aliyeongeza neno huweza kulifungia mabanoni ili msomaji ajue kuwa neno hilo si la mtunzi. Picha haina mabano. Duara la jicho lililosogezwa hukaa mahali pake jipya kwa utulivu ule ule wa jicho ambalo halikuguswa, na kadiri fundi anavyokuwa hodari ndivyo tendo lake linavyozidi kutoweka. Ndani ya faili ya kompyuta lipo tabaka la chini lenye macho ya awali, madhali fundi hakuyaunganisha matabaka. Lakini kinachotumwa kwa simu ni tabaka la juu pekee.

Tena si kila jicho la kando limekosea njia. Heike Behrend, mwanaanthropolojia Mjerumani, aliandika mwaka 1998 juu ya picha za mapenzi zilizopigwa katika studio ya Parekh mjini Mombasa, na jinsi zilivyoathiriwa na sinema za Hollywood na za Bombay. Katika kaida hizo za sinema, kuyatupa macho nje ya fremu kulikuwa ni kujipamba. Anayetazama mbali ana mtu wa kutazama huko mbali, na mtazamaji huachwa atamani kumjua. Kuyarudisha macho kama hayo kwenye lenzi ni kumnyang'anya msichana wa Mombasa filamu aliyoilipia. Vivyo hivyo bibi arusi wa Kiswahili anapotolewa nje hukaa na macho yaliyoinamishwa, na wanawake waliokuja kumwona humsifu kwa hilo. Programu humwona kama mtu aliyesinzia. Ikimfungua macho na kumfanya amkabili kila aingiaye, haitakuwa imesahihisha picha. Itakuwa imemtia utovu wa adabu ambao hakuufanya, siku ambayo adabu yake ilikuwa ikipimwa na ukumbi mzima. Huenda wahenga walisema kuwa macho hayana pazia, lakini bibi arusi huyo alikuwa amejitengenezea lake.

Linabaki jambo ambalo mafundi hulizungumza kwa sauti ya chini, nalo ni makengeza. Mteja mwenye jicho moja linalokwenda upande wake huipokea picha yake na kukuta macho yote mawili yamenyooka, wala hakuomba. Fundi hudhani amefanya hisani. Wako wanaoshukuru, na si haki kuwabeza. Mtu aliyechekwa tangu shule ya msingi anajua anachokitaka. Wako pia ambao huitazama picha hiyo na kuona nduguye mtu, si mtu. Hapa mlinganisho wa nafsi hautoshi, kwa kuwa jicho la makengeza halimtazami mwingine aliye nje ya fremu. Linaye mtazamwa yule yule, isipokuwa linamfikia kwa njia yake. Kulinyoosha bila ya kuuliza ni kuamua kwamba mwenyewe amekuwa akiishi katika rasimu. Swali moja kabla ya kazi lingetosha, na katika studio nyingi swali hilo haliulizwi kwa sababu ya haya, haya ambayo ni ya fundi wala si ya mteja.

Ajabu ni kwamba anayedai macho ya moja kwa moja kuliko wote ndiye anayekataza yasisahihishwe. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambazo pasipoti za nchi nyingi huzifuata, zataka uso uielekee kamera, macho yawe wazi na yaitazame lenzi, na picha isibadilishwe kwa programu. Dola inataka nafsi ya pili, na inataka mwenyewe aitamke. Hivyo mzee aliyelelewa kutomkazia mtu macho hukaa juu ya kibao mbele ya pazia jeupe. Kijana humwambia, "Angalia hapa, mzee," na mzee huangalia kidogo kando ya lenzi, pale alipo kijana, maana ndiye aliyezungumza. Picha hukataliwa. Huitwa, akaketi tena.